Mizani ya Mwalimu Sekela

Mwaka wa hamsini na sita, katika shule ya misheni iliyokaa juu ya mji wa Mbeya, upande wa kilele cha Loleza, palikuwa na mwalimu mmoja ambaye wenye maduka wakimwona anakuja walikuwa wanaficha makopo. Si kwamba alikuwa mwizi. Mwizi ni rahisi, unampigia kelele tu. Sekela aliomba, tena aliomba kwa adabu, na ukishamwona amesimama pale mlangoni na kitambaa chake cheupe kichwani, akikuuliza habari za mama yako na za ng'ombe wako na za mguu wako unaouma, unajikuta umempa kopo, na kifuniko chake, na kamba ya kulibebea.

Watu wakamwita Mwalimu Makopo. Mbele yake walimwita Mwalimu tu.

Alikuwa akifundisha sayansi darasa la tano na la sita. Usicheke. Sayansi siku hizo, kwa shule nyingi za milimani, ilikuwa ni picha ya moyo wa ng'ombe kwenye karatasi iliyoliwa na mende. Mwalimu ananyoosha fimbo, anasema "hapa damu inapita", watoto wanaitikia "hapa damu inapita", basi, somo limekwisha, twende tukalime shamba la shule. Sekela hakuweza kufundisha hivyo. Yeye alitaka mtoto aone kwa macho yake. Kwa hiyo chupa ya wino ikawa taa ya spiriti. Miwani ya mchungaji mstaafu, iliyovunjika jicho moja, ikawa kioo cha kukuzia, na watoto wakalia kwa hofu walipoona miguu ya kiroboto. Sumaku aliitoa kwenye lori bovu lililolala miaka mitatu karibu na soko. Mwenye lori mpaka leo hajui ilikotoka nguvu ya mwanamke yule kufungua zile skrubu.

Sasa mwezi wa saba akaja mkaguzi wa shule, Mzungu mrefu mwenye soksi hadi magotini na Kiswahili kizuri kuliko cha karani wake. Akazunguka, akatazama chupa, akatazama miwani, akasema "vizuri". Halafu akamwita Mwalimu Mkuu Kalinga, Mhehe mmoja mnene mwenye sauti ya besi, na Sekela akasimama nyuma yake.

"Mwaka ujao mnaomba kufungua darasa la saba," alisema mkaguzi. "Sayansi ya darasa la saba inataka kupima. Mizani nyepesi, ya kweli. Nitarudi mwezi wa kumi. Nikiikuta, na nikimkuta mwalimu anayejua kuitumia, mtafungua. Nisipoikuta, darasa la sita litaishia hapa."

Darasa la sita lilikuwa na watoto thelathini na mmoja. Wavulana ishirini wangeweza kubahatisha nafasi kwenye shule ya bweni. Wasichana walikuwa kumi na mmoja, na kwao hapakuwa na bweni karibu. Kwa wale kumi na mmoja darasa la saba lilikuwa hapo mlimani au halikuwepo kabisa, na wengine wao ng'ombe wao wa mahari walikuwa wameshaanza kutazamwa zizini kwa jicho la pembeni. Sekela aliwajua mmoja mmoja, na mwandiko wa kila mmoja, na nani hufunga daftari kwa jani la mgomba lisilowe.

Akaanza kutengeneza mizani. Alichukua ufito wa mwanzi, vifuniko viwili vya rangi ya viatu na uzi wa kushonea. Ikaning'inia pale darasani ikiwa imependeza kama bibi harusi. Kalinga akaja kuijaribu. Aliweka unyoya wa kuku upande mmoja. Mizani kimya. Akaongeza unyoya. Kimya. Akaongeza wa tatu, wa nne, wa tano.

"Mama Mwalimu," alisema Kalinga, "hii mizani yako imelala usingizi. Niiamshe na kuku mzima?"

Watoto wakacheka, na Sekela akacheka nao, kisha akaishusha na kuivunja mwenyewe. Mtu mwingine angekasirika siku tatu.

Hapo lazima tusimame kidogo, umjue mkwe wake, maana bila mkwe hakuna habari.

Mume wa Sekela aliitwa Gideoni, fundi seremala, na miezi hiyo alikuwa Tukuyu akiezeka kanisa. Nyumbani alibaki Sekela na baba wa Gideoni, mzee Asukile, mjane, kila mmoja na nyumba yake, katikati uwanja wa hatua ishirini hivi na zizi la ng'ombe mmoja. Na kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Hamsemeshi. Hataji jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia porini, anainama na kugeuka, mpaka mzee apite. Wachungaji walishasema desturi hiyo si lazima kwa Mkristo, na wengine waliiacha. Sekela hakuiacha. Alimwona mama yake akiishika miaka yote, na kwake ilikuwa heshima, si kitu cha kuvua mlangoni kama viatu. Darasani mwake alikuwa na mwanafunzi anayeitwa Asukile, na akisoma majina asubuhi alikuwa anasema "na yule wa dirishani", na yule wa dirishani anaitika "nipo".

Mzee naye aliishika desturi kwa nguvu zote. Siku moja Sekela alitoka sokoni na makopo tisa mgongoni, akakutana naye kwenye kona. Akajitupa kwenye mahindi. Makopo yakalia kama bendi ya polisi. Mzee akageuka, akautazama ukingo wa barabara, akasimama hivyo hivyo mpaka kopo la mwisho liliponyamaza. Ndipo akaenda zake.

Chakula chake Sekela alikiweka kwenye kigoda mbele ya mlango wa mzee. Anakiweka, anakohoa mara moja, anaondoka. Mzee naye akishakula anakohoa mara mbili. Miaka sita waliishi hivyo, na hakuna nyumba iliyokuwa na amani kama ile.

Neno likibidi kupita, Gideoni ndiye aliyelipitisha. Sasa Gideoni hayupo. Ukumbuke hilo.

Mwezi wa nane shule ilipofungwa, Sekela alipanda lori kwenda Iringa. Alikuwa na rafiki huko, Evarista, waliyesoma naye ualimu, anafundisha shule ya masista. Lori lilipita Chimala, likapita Igawa, likaharibika, likatengenezwa, likaharibika tena, na Sekela alikaa juu ya magunia ya mpunga akishika kofia aliyoazimwa na dereva isipeperuke. Siku ya pili mchana akapanda kile kilima cha mji wa Iringa akiwa mwekundu kwa vumbi toka unyayo hadi nyusi.

"Yesu na Maria!" alipiga kelele Evarista. "Huyu ni Sekela au wamenitumia tofali?"

"Nipe maji kwanza, halafu unitukane."

Mizani walikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya kasha la vioo, sahani mbili za shaba ndogo kama masikio ya paka, na ulimi mwembamba katikati unaocheza ukiisogelea tu na pumzi yako. Lakini ilikuwa moja, na sista mkuu alisema kuazima haiwezekani, maana nao wana mkaguzi. Alisema kwa upole, na kwa upole uleule akarudisha ufunguo mfukoni.

Sekela hakulia. Alitoa penseli. Kesho yake alikaa mbele ya lile kasha toka saa nne mpaka saa sita, akaichora mizani yote, kila kikulabu, kila mnyororo, na namna vyuma vidogo vya kupimia vinavyoshikwa kwa kikoleo, si kwa mkono. Evarista alikaa pembeni akimenya machungwa.

"Nyinyi watu wa Mbeya mnachekesha," alisema. "Umetoka kwenu kuja kuchora hii? Kaka yangu Kasian alifanya kazi Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, huko huko kwenu Chunya. Kila Mzungu mchimbaji alikuwa na mizani kama hii. Ndogo, ndani ya sanduku la mbao, limelazwa kitambaa cha velveti. Sasa machimbo yamekufa, Wazungu wameondoka. Mizani zao zimekwenda wapi?"

Penseli ya Sekela ikasimama.

Mkwe wake alifanya kazi Lupa miaka kumi na mmoja. Alirudi na blanketi, kofia ya Kizungu, na sanduku dogo la mbao. Sanduku lile halikuguswa na mtu. Gideoni alipokuwa mdogo aliligusa mara moja, akachapwa. Mtaa wote ulijua lina nini ndani: lina dawa. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema.

"Evarista," alisema Sekela taratibu, "mimi ni mjinga."

"Hilo nimelijua tangu chuoni. Kula chungwa."

Njia nzima ya kurudi, juu ya magunia, alikuwa akipiga hesabu, na kila hesabu iligoma. Kumwuliza mzee hawezi. Gideoni yuko Tukuyu mpaka Krismasi, na barua haifai, kwa kuwa Gideoni kwa sanduku lile ana woga wa utotoni. Kumtuma jirani ndiyo hatari zaidi. Utampeleka nani akamwulize mzee wa watu habari za sanduku la dawa? Kesho yake mtaa mzima utasema mke wa mwana anamtuhumu mkwe uchawi. Sekela angepata mizani na mzee angepoteza jina. Hilo alilikataa kabla lori halijafika Igawa.

Lakini kichwa kile hakikuwa cha kuvalia kitambaa tu. Alijua mambo mawili juu ya mkwe wake. La kwanza, kila jioni jua likiwa bado lipo, mzee humkamua ng'ombe wake zizini, hatua chache kutoka dirisha la jikoni. Ng'ombe huyo alizaliwa wiki ile Malkia wa Waingereza alipovishwa taji, na mzee akampa jina la Malkia, na hakuna aliyethubutu kumbishia. La pili, mzee Asukile hakuweza kuvumilia kusikia kazi ikielezwa vibaya. Alishawahi kumfokea padri juu ya namna ya kushika jembe.

Jioni ya kwanza baada ya kurudi, Sekela aliutundika mchoro wake jikoni, akayageukia masufuria, na akaanza kufundisha kwa sauti ya darasani.

"Watoto! Leo tunasoma mizani ya dhahabu. Ina sahani mbili za shaba. Ukitaka kupima, unachukua chuma kidogo cha kupimia, unakishika vizuri kwa vidole vyako..."

Zizini maziwa yakaacha kuchuruzika ndooni.

"...unakibonyeza kwa vidole, watoto, unakizungusha kidogo..."

"Malkia!" Sauti ya mzee ilipasuka huko nje. "Malkia, wewe ng'ombe! Umewahi kuona mtu mwenye akili anashika vyuma vya dhahabu kwa vidole? Eh? Kidole kina jasho! Jasho lina uzito! Bwana wangu alimfukuza mpishi kwa sababu hiyo hiyo!"

Sekela aliuma ncha ya kitambaa chake asicheke. Akaviambia vyungu: "Samahani, watoto, mwalimu amekosea. Lakini mizani yenyewe sijawahi kuishika. Ningekuwa nayo, ningejua. Mkaguzi akija asiikute, darasa la saba halifunguliwi, na wasichana wangu kumi na mmoja watarudi nyumbani."

Ng'ombe akacheua.

"Malkia," alisema mzee, sasa kwa sauti ya chini, "nitakwambia jambo, na wewe usimwambie mtu. Sanduku halina dawa. Nilisema dawa kwa sababu watu wakisikia mizani ya dhahabu watadhani na dhahabu ipo, na watanibomolea paa. Dawa ya mzee haiibwi na mtu. Bwana wangu aliniachia siku alipofilisika. Alisema, Asukile, mkono wako hautetemeki, hii ni yako. Mimi sina wa kumwachia. Gideoni anajua misumari tu."

Asubuhi, Sekela alipotoka kwenda kuweka uji kwenye kigoda, alikuta kigoda kimeshawekwa kitu. Sanduku lilikuwa juu yake, limefutwa vumbi. Kutoka ndani ya nyumba ya mzee kikasikika kikohozi kimoja, kama kile cha kwake. Sekela akapiga magoti pale uwanjani, akakohoa mara mbili.

Wiki sita zilizofuata Malkia alipata elimu ambayo ng'ombe mwingine Tanganyika hii hajaipata. Sekela anajaribu kitu jikoni, anaeleza kwa sauti; mzee anamkaripia ng'ombe. "Malkia, usiweke chuma kizito mwisho, anza nacho!" "Malkia, kwanza subiri ulimi utulie, una haraka ya kwenda wapi?" Majirani walisema mzee wa watu ameanza kuzeeka kichwani. Hakujali. Alisema ng'ombe wake anaelewa haraka kuliko majirani.

Siku ya mkaguzi ikafika. Kalinga alivaa tai iliyombana shingo mpaka sauti yake ya besi ikapanda. Darasa la sita lilifagiliwa mara tatu. Sekela aliitoa mizani kwenye velveti, akaiweka mezani, na watoto wenyewe, kama alivyowazoesha, wakaja wawili wawili kupimia nywele, mbegu ya ulezi, bawa la nzi. Mkaguzi alivuta kiti karibu.

"Sasa," alisema Sekela, "tutaonyesha maji yakienda angani."

Wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe, hakupewa na mtu. Msichana mmoja aliweka upande wa kushoto kipande cha pamba kilicholowa maji kidogo, upande wa kulia vyuma, mpaka mizani isimame sawa. Kisha kusubiri. Maji yakikauka, pamba itapungua uzito, na upande wa kushoto utapanda wenyewe mbele ya macho ya watu wote.

Lakini mizani haikusimama sawa. Ulimi ulicheza kushoto, ukacheza kulia, sahani zikabembea kama zimelewa. Msichana akaongeza chuma, akatoa chuma. Jikoni mizani haikuwahi kufanya hivyo. Mkaguzi akatazama saa, akafungua daftari, akafungua na kalamu.

"Hii mizani labda imechoka," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Hapo, nyuma ya darasa, chini kabisa ya dirisha, ngurumo ikapanda:

"MALKIA! Upepo! Upepo wa Loleza, we ng'ombe! Dirisha limeachwa wazi kama mdomo wa mjinga! Funga dirisha, Malkia!"

Kalinga akafumba macho. Mkaguzi akageuka polepole sana.

Sekela alikwisha kufika dirishani. Hakutazama nje, aligeuza uso asimwone mkwe wake aliyekuja kulisha ng'ombe pale, akavuta mbao zote mbili, akazifunga kwa komeo. Mwanga wa mlangoni ulitosha. Sahani zikabembea mara mbili, mara moja, zikatulia. Ulimi ukasimama katikati, wima.

Watoto thelathini na mmoja wakazuia pumzi, maana walifundishwa kwamba pumzi nayo ni upepo. Dakika ikapita. Dakika mbili. Halafu upande wa pamba ukainuka, upana wa unywele mmoja, wa unywele wa pili, bila kuguswa na mtu. Yalikuwa maji yanaondoka duniani mbele ya watoto wa wakulima, na wote waliyaona. Mkaguzi alisahau kalamu mkononi mpaka wino ukadondoka kwenye soksi.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "huko nje nani anamwamrisha Malkia wangu?"

Kalinga akailegeza tai yake.

"Bwana, Malkia ni ng'ombe," alisema Sekela. "Na anayesema naye ni mwenye mizani. Ndiye aliyenifundisha kuitumia."

"Jina lake nani? Nataka kuliandika."

Sekela akainamisha kichwa. Mbele yake kulikuwa na darasa lake la saba, limebakiza neno moja, na neno hilo mdomo wake haukuwahi kulitamka miaka sita. Aliyageukia madawati.

"Watoto, mwambieni bwana jina."

"ASUKILE!" darasa lilipiga, na yule wa dirishani alipiga kuliko wote.

"Naam!" ikaitika sauti nje, kabla mwenyewe hajakumbuka kwamba hayupo.

Mkaguzi alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaandika, akauliza herufi, akaandika tena.

Mwezi wa kwanza darasa la saba lilifunguliwa, na wale kumi na mmoja walikuja wote kumi na mmoja, mmoja akiwa amechelewa kwa sababu alipigania kuja. Sekela aliweka mizani mezani. Akaenda kufunga dirisha kwa ajili ya upepo. Nje kamba ilikuwa imekwisha fungwa kwenye nguzo, na ng'ombe alikuwa akicheua. Sekela akageuza uso pembeni, akavuta mbao, lakini hakuzifunga kabisa. Aliacha upana wa vidole vinne, sauti ipite.